Kambi Kavu ya RV Jangwani Wakati wa Baridi: Mwongozo Kamili wa Kukaa Quartzsite, Arizona

Ujumbe ninaoupokea kila Desemba na Januari hufanana. Familia imekodi RV, yaani gari au trela yenye nyumba ndani yake, Phoenix au Las Vegas ili ikimbie theluji ya Minnesota au Ohio. Jioni ya kwanza jangwani inakuwa tamu: nyama imechomwa, watoto wameona nyota ambazo mjini hazionekani. Usiku wa pili, kwenye saa tisa, hita inanyamaza. Mtungi wa gesi umejaa, lakini taa zimefifia na watu wanatetemeka. Siku ya tatu maji ya sabuni yanarudi juu kupitia tundu la bafu. Siku ya nne wamehamia hotelini na likizo imegharimu mara mbili.

Mara nyingi gari huwa halina hitilafu yoyote. Kilichokosekana ni hesabu, nayo hufanywa nyumbani kabla ya safari. Ukikaa kambi kavu, yaani bila waya wa umeme, bila bomba la maji na bila shimo la maji taka, unaishi kwa akiba tatu: betri, maji safi, na nafasi iliyobaki kwenye matangi ya maji machafu. Gesi ni ya nne, ila hiyo haiwasumbui watu sana. Mwongozo huu umepangwa kwa familia ya watu wanne, siku tano, kambi ikiwa karibu na mji mdogo wa Quartzsite magharibi mwa Arizona, pale barabara kuu ya I-10 inapokutana na US-95.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kipima volti cha betri ya nyumba, yaani ile inayohudumia sehemu ya kuishi, siyo ya kuwashia injini. Kwa betri ya lithiamu unahitaji kipimo kinachohesabu amp zinazoingia na kutoka, kwa sababu volti zake hubaki juu hadi karibu na mwisho.
- Paneli za sola za wati 200 au zaidi, zenye miguu ya kuziinamisha.
- Jenereta ndogo isiyo na kelele nyingi, pamoja na mafuta yake.
- King'ora cha kaboni monoksidi na king'ora cha gesi, vyote viwili vimejaribiwa.
- Gesi ya propani: mitungi miwili ya kilo 9 kwa trela. RV zenye injini yake huwa na tangi la gesi lililofungwa chini.
- Madumu matano ya maji ya lita 20, na mpira wa maji ya kunywa usiotumika kwa kazi nyingine.
- Mpira wa maji taka, glovu, beseni mbili, kata, birika la chooni na ndoo yenye mfuniko.
- Blanketi nzito, soksi za sufu, kofia za kulalia, na chupa ya mpira ya maji moto kwa kila mtoto.
- Koleo, mbao za kuwekea chini ya matairi, kipima upepo wa matairi na pampu yake.
- Kichana cha plastiki na kibano cha kung'olea miiba.
- Ramani zilizopakuliwa kwenye simu, kwa sababu ukiacha barabara kuu mtandao hukatika.
- Hati zako halisi za uhamiaji kama si raia wa Marekani. Sababu iko kwenye hatua ya saba.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, soma mkataba wa kukodi. Kampuni nyingi hukataza barabara zisizo na lami, na nyingine hutoza jenereta kwa saa. Uliza kwa maandishi: naruhusiwa kuingia kambi ya changarawe? Betri ya nyumba ina amp-saa ngapi (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), na ni ya madini ya risasi au lithiamu? Matangi yana ujazo gani? Mkodishaji asiyeweza kujibu maswali hayo hakufai kwa safari hii.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kwa kuangalia mwinuko

Watu wakisikia Arizona huwaza joto. Flagstaff nayo iko Arizona, mita zaidi ya 2,100 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa baridi hulala chini ya theluji. Kila unapopanda mita 300, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi. Kwa Desemba na Januari usivuke mita 900.

Quartzsite iko chini ya mita 300. Mchana wa Januari hufikia nyuzi 18 hadi 20 hivi, na usiku hushuka hadi 3 au 5. Zipo nyakati za kushuka chini ya sifuri pia, hasa anga likiwa wazi na upepo umetulia. Hewa kavu haina mawingu wala unyevu wa kuzuia joto lisitoroke, kwa hiyo jua likizama baridi huingia haraka kuliko mtu wa pwani anavyoweza kudhani.

Ardhi inayozunguka mji huo kwa sehemu kubwa iko chini ya BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma. Una njia mbili. Ya kwanza ni maeneo ya bure, kama yale ya Barabara ya Plomosa au Dome Rock, ambako unaruhusiwa kukaa siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unahama umbali wa maili 25. Hakuna maji, hakuna choo, hakuna pa kutupa taka.

Ya pili ni La Posa, kusini mwa mji, eneo la wageni wa muda mrefu. Hufanya kazi kwa kibali kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Kwa miaka mingi kibali cha siku 14 mfululizo kilikuwa dola 40, na cha msimu mzima dola 180. Thibitisha bei kwenye kibanda cha kuingilia. La Posa kuna maji ya kujaza, mahali pa kumwaga maji taka na mapipa ya taka. Gari lako liwe na tangi lake la maji taka lililofungwa, la galoni 10 au zaidi, la sivyo utatakiwa kukaa karibu na vyoo vyao.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja: lipia La Posa. Ukikosea hesabu ya maji au choo, suluhisho liko mwendo wa dakika chache, na utajifunza bila kuadhibika. Maeneo ya bure yafuate safari ya pili.

Kama tarehe ziko mikononi mwako, kwepa nusu ya pili ya Januari. Wakati huo kuna maonyesho makubwa ya RV, mji hufurika, na foleni za gesi na za kumwaga maji taka hula nusu ya siku.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme ukiwa nyumbani

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Hita ya RV huchoma gesi, lakini joto husukumwa na feni ya umeme wa volti 12. Kabla ya gesi kuwaka, kuna swichi ndogo inayohisi kama feni inavuma vya kutosha. Betri ikichoka, feni huzunguka kwa uvivu, swichi haifungi, na gesi haiwashwi. Ndiyo maana unaweza kulala kwenye baridi na mtungi uliojaa uko nje ya dirisha. Fundi hahitajiki. Kinachohitajika ni volti.

Tazama matumizi ya kawaida ya siku moja ya majira ya baridi:

- Feni ya hita, amp 7 kwa jumla ya muda wa saa 6 usiku: amp-saa 42
- Kidhibiti cha friji ya gesi pamoja na ving'ora, kutwa kucha: 16
- Simu nne na kompyuta moja: 10
- Taa za LED: 5
- Pampu ya maji: 3

Jumla ni amp-saa 76. Betri mbili za risasi za amp-saa 100 kila moja hukupa 100 tu za kutumia, kwa sababu betri ya risasi haipaswi kushuka chini ya nusu. Usiku wa kwanza unapita. Wa pili unakwama saa tisa.

Sasa upande wa mapato. Karibu na Desemba 21 mchana wa Quartzsite una urefu wa saa kumi hivi, na jua la adhuhuri husimama nyuzi 33 tu juu ya upeo. Paneli ya wati 200 iliyolazwa bapa juu ya paa, siku isiyo na wingu, hurudisha takriban amp-saa 40. Ukiisimamisha kwa nyuzi 55 hadi 60 kuelekea kusini, unapata 60 hivi. Bado haijatosha, na pengo hilo huzibwa kwa njia tatu.

Punguza. Shusha kidhibiti cha hita hadi nyuzi 13 wakati wa kulala na ongeza blanketi. Hilo peke yake linaweza kupunguza kazi ya feni hadi nusu. Chemsha chai kwa sufuria juu ya gesi, usiguse birika la umeme wala maikrowevu kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani): wati 1,200 kutoka betri ya volti 12 ni amp 100 na ushee. Kifaa cha intaneti ya setilaiti kinachokula wati 50 kikiachwa kutwa kucha humaliza amp-saa 100 kwa siku, zaidi ya familia nzima. Kiwashe unapokihitaji, kisha uzime.

Ongeza jua. Wati 400 zilizoinamishwa vizuri humaliza mjadala kwa siku zenye anga safi.

Washa jenereta asubuhi. Betri ya risasi iliyoshuka hupokea chaji kwa kasi mwanzoni, kisha hupunguza kadiri inavyojaa. Tumia dakika 90 za mwanzo wa siku, halafu sola imalizie polepole hadi jioni. Anayewasha jenereta jioni huchoma mafuta mengi kwa faida ndogo, tena anawakera majirani. Kwenye kambi za BLM jenereta hunyamaza kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Onyo kwa wenye lithiamu: betri hiyo haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, na inaharibika ukiilazimisha. Kama iko kwenye sanduku la nje na kumeanguka barafu usiku, subiri ipate joto. Mfumo wake ukikataa chaji asubuhi na mapema, unailinda.

Umefaulu hatua hii kama asubuhi, kabla jua halijagusa paneli, betri ya risasi inasoma volti 12.2 au zaidi vitu vikiwa vimezimwa. Hiyo ni kama nusu. Ukiona 12.0, leo jioni lazima kitu kibadilike.

## Hatua ya 3: Panga joto la usiku bila kuhatarisha uhai

Hatari kubwa kuliko zote kwenye safari hii ni watu kujipasha moto kwa njia isiyofaa. Sote tunazijua habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani na asubuhi majirani wakavunja mlango. RV ni chumba kidogo kilichozibwa vizuri kuliko vyumba vingi vya nyumbani. Usiingize mkaa hata ukiwa umebaki majivu. Usiwashe majiko ya kupikia ili kupata joto. Usiache jenereta karibu na dirisha au chini ya gari. Kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala haamki nayo.

Zipo hita ndogo za gesi zisizotumia feni. Zinaokoa betri kweli, nami nazipenda kwa saa za jioni na za alfajiri, mradi dirisha moja na tundu la paani viachwe wazi kidogo na king'ora kiwe hai. Zizime kabla ya kulala. Kulala uachie hita iliyojengewa ndani, yenye bomba la kutoa moshi nje.

Hesabu ya gesi ni rahisi. Mtungi wa kilo 9 una takriban BTU 430,000 (BTU ni kipimo cha joto). Hita ya BTU 30,000 kwa saa, ikichoma jumla ya saa tano kila usiku, humaliza mtungi kwa usiku tatu. Kupika na friji huongeza kidogo. Mitungi miwili inatosha siku tano, lakini bila ziada kubwa, kwa hiyo fika imejaa.

Mchana lipokee joto la bure. Elekeza madirisha makubwa kusini, fungua mapazia saa nne hadi saa tisa alasiri, kisha funga kila kitu nusu saa kabla ya machweo. Ukishazima hita ndogo, ziba tundu la paani kwa mto. Usiku wa barafu, tenganisha mpira wa maji wa nje na uukamue; mpira ulioganda ukivutwa hupasuka.

## Hatua ya 4: Gawa maji kwa lita, kwa kila mtu

Tuseme tangi la maji safi ni lita 150 na madumu yako yana 100. Jumla 250. Mgao wa mtu kwa siku:

- Kunywa na kupika: lita 4
- Kuoga na kunawa: lita 4
- Vyombo: lita 2
- Choo: lita 2

Watu wanne ni lita 48 kwa siku, na siku tano ni 240. Inatosha kwa shida. Kisha fanya jambo moja litakaloleta nafuu kubwa: osha vyombo kwenye beseni, na maji hayohayo ya beseni yatumie kusukuma choo. Unaokoa lita 8 kila siku. Zaidi ya hapo, unapunguza mzigo wa tangi la maji ya sabuni, ambalo ndilo hujaa kwanza, na kuuhamishia kwenye tangi la choo ambalo kwa kawaida lina nafasi. Kwa mpango huu tangi la sabuni la lita 110 hupokea lita 80 kwa siku tano, na bafu halifuriki.

Tuliolelewa kwa ndoo na kata tuna faida hapa. Lita tatu za maji vuguvugu zinamtosha mtu mzima kuoga vizuri, ilhali bomba la mvua la RV hula lita sita au nane kwa dakika. Waislamu wanaotawadha watumie birika, siyo bomba lililoachwa likitiririka. Wanaotumia maji chooni waweke kopo lenye kipimo kando. Sufuria ya ugali ifute kwanza kwa karatasi, iloweke kwa kikombe kimoja cha maji, ndipo uioshe.

Usimwage maji ya sabuni jangwani, hata kama jirani anafanya hivyo. La Posa hayaruhusiwi, na kokote kwingine hubaki na harufu na kuvutia wanyama kambini.

Maji ya kunywa yawekwe kwenye madumu, yasichanganywe na ya tangi. Hivyo pampu ikifa au tangi likivuja, hakuna atakayekaa na kiu.

## Hatua ya 5: Fika mapema, shuka, tembea kwa miguu

Katikati ya Desemba jua huzama Quartzsite kabla ya saa kumi na mbili jioni. Uwe umefika saa tisa alasiri. Anayeingia usiku haoni mchanga laini, haoni ukingo wa korongo, na anaishia pabaya.

Simamisha gari kwenye changarawe ngumu, shuka, ukague kwa miguu hadi pale unapotaka kuegesha. Kama kisigino kinazama, tairi litazama zaidi. Chagua mahali palipokwisha kutumika, ambapo changarawe imeshindiliwa na labda kuna duara la mawe ya moto wa zamani. Ardhi isiyoguswa ina gamba jembamba linaloshikilia mchanga, nalo likivunjwa na tairi huchukua miaka mingi kurudi.

Usiegeshe ndani ya mkondo mkavu. Huonekana mahali pazuri: tambarare, pana mchanga safi na miti michache ya kivuli. Miti hiyo imeota hapo kwa sababu maji hupita hapo. Mvua inaweza kunyesha milimani huko usikokuona, na maji yakakufikia chini ya anga la buluu. Panda juu ya ukingo, hata kama ardhi ya juu ina mawe zaidi.

Sawazisha gari. Friji ya gesi ya aina ya zamani hutegemea gari kuwa sawa ili ipoze, na ikiinama kwa muda mrefu huharibika. Kisha inamisha paneli kusini, angalia kwamba hakuna kivuli cha kiyoyozi kinachozipitia, na fungua kifuniko cha injini kidogo usiku. Panya wa jangwani hupenda giza na joto la injini, na hutafuna nyaya.

Acha nafasi kati yako na jirani. Watu hawa wamesafiri mbali kutafuta utulivu, na wengi wao ni wazee wakarimu ambao kesho watakusaidia kwa furaha ukikwama.

## Hatua ya 6: Shika ratiba ya kambi

Asubuhi soma volti kabla ya kuwasha chochote na uandike kwenye daftari, pamoja na viwango vya matangi. Taa za kuonyesha ujazo wa tangi la choo hudanganya mara kwa mara, kwa hiyo daftari linaaminika zaidi. Kisha jenereta kama inahitajika, chai, na safari.

Chaji simu na kompyuta zote mchana wakati jua lipo. Pika chakula kizito kabla ya giza. Kuni zako njoo nazo. Usikate wala kung'oa mti wa jangwani, hata unaoonekana umekufa, na uliza kama kuna katazo la moto kabla ya kuwasha.

Siku mbili za mawingu mfululizo hutokea. Ukiona wingu la pili, punguza hita mapema jioni hiyohiyo. Usingoje saa tisa usiku ikufundishe.

## Hatua ya 7: Tembelea bila kuhamisha kambi kila siku

Chagua kitu kimoja kwa siku. Kama una gari dogo la pili, au rafiki mnayesafiri naye, liache RV kambini paneli zikiwa zimeelekezwa kusini. Betri inajaa wewe ukitembea.

Korongo la Palm, Kofa. Hapa ndipo ningemtuma mgeni kwanza. Endesha US-95 kusini mwa Quartzsite takriban maili 18, kisha ukate mashariki kwa barabara ya vumbi ya maili saba hivi, ndani ya hifadhi ya wanyama ya Kofa. Njia ya miguu ni nusu maili, yenye mawe na kupanda. Mwishoni unaona miti ya asili ya jangwani ya jamii ya mitende, mirefu, iliyojibana kwenye ufa mwembamba wa mlima ambao jua huuingia kwa muda mfupi tu. Panga ufike karibu na adhuhuri. Ukifika saa kumi jioni utaona kivuli. Inua macho kwenye majabali pia. Kondoo pori wenye pembe nene huishi humo.

Kaburi la Hi Jolly, Quartzsite. Piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia wa chuma juu yake. Amezikwa hapo Haji Ali, mchunga ngamia kutoka dola ya Uthmaniya aliyeletwa miaka ya 1850 jeshi la Marekani lilipojaribu kutumia ngamia majangwani. Alifariki 1902. Dakika 20 zinatosha, na watoto hupapenda.

Michoro ya ardhini ya Blythe. Vuka mto Colorado uingie California, kisha kaskazini mwa Blythe kwa US-95 maili 15 hivi. Ni maumbo makubwa ya watu na wanyama yaliyochorwa kwa kuondoa kokoto za juu. Kubwa kabisa lina zaidi ya mita 50. Kuna uzio, usiuruke. Kumbuka kwamba California wakati huu iko nyuma ya Arizona kwa saa moja.

Gereza la zamani la Yuma. Lilitumika 1876 hadi 1909, sasa ni makumbusho. Linafaa siku ya upepo mkali.

Njiani kati ya Yuma na Quartzsite, kwenye US-95, kuna kizuizi cha askari wa mpakani. Watauliza uraia. Sheria inamtaka asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi atembee na kadi yake halisi, kwa hiyo picha kwenye simu isikutie moyo. Zima redio, shusha kioo, jibu kwa ufupi na kwa utulivu.

Kwa kila matembezi beba lita 4 za maji kwa mtu hata kama hakuna joto, na mwachie mtu taarifa ya unakoenda na saa ya kurudi. Usiingie mashimo ya migodi ya kale. Ardhi yake humeguka na hewa ndani inaweza kukosa oksijeni. Cholla, mmea wa miiba wa jamii ya kaktasi, ukikunasa, usiushike kwa mkono: penyeza kichana kati ya mwili na kipande cha miiba, ukirushe mbali. Siku ya vumbi kali kaa ndani. Udongo wa Arizona una kuvu wanaosababisha homa ya bonde, na homa au kikohozi kisichokwisha wiki kadhaa baada ya safari umweleze daktari kwamba ulikuwa Arizona, kwa sababu wa majimbo mengine huenda asiifikirie.

## Hatua ya 8: Mwaga, jaza, ondoka

Toka kambini asubuhi kabla ya foleni. Vaa glovu, funga mpira wa maji taka uhakikishe umeshika, kisha fungua tangi la choo kwanza. Likiisha, funga, ndipo ufungue la maji ya sabuni, ambayo yatasafisha mpira. Ukianza na la sabuni, utakaa na mpira mchafu hadi safari nyingine. Wakati wa kambi valvu ya choo ibaki imefungwa siku zote. Ikiachwa wazi, majimaji hutoka na kigumu hubaki kikilundikana.

Mpira wa maji ya kunywa usikae upande mmoja na wa maji taka, hata ndani ya boksi.

Kabla ya lami: shusha antena, kunja ngazi, funga mitungi ya gesi, rudisha upepo wa matairi kama uliupunguza kwa ajili ya mchanga, funga kifuniko cha injini baada ya kukagua nyaya. Zunguka kambi mara moja ukiokota hata vizibo vya chupa na maganda ya machungwa. Kwenye ukavu huu ganda haliozi upesi.

Kama ulikaa kwenye eneo la bure na unataka kurudi, andika tarehe ya usiku wako wa kwanza. Siku 28 huhesabiwa kuanzia hapo, na mlinzi wa BLM akipita na kurekodi namba ya gari lako, tarehe hiyo ndiyo atakayokuuliza.